Taa ya injini ikiwaka, usikimbilie kununua sensa ya hewa

MWENYE gari anayesafiri kila siku kati ya Ruiru na Thika huijua vyema ile taa ndogo ya manjano, yenye umbo la injini, inayowaka ghafla kwenye dashibodi.

Mara nyingi gari huendelea kwenda. Lakini ukikanyaga mafuta ili upite lori karibu na Juja, injini husita, hukohoa, kisha huitikia shingo upande. Petroli nayo huisha upesi kuliko ilivyokuwa ada.

Wengi hukimbilia kwa makanika. Kifaa cha kusomea misimbo huchomekwa na hukumu hutolewa papo hapo: sensa ya hewa imekufa, nunua nyingine. Mwandishi wa makala haya aliwahi kuitii hukumu ya aina hiyo. Alinunua sensa katika Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi kwa pesa zilizotengewa karo ya mtoto, na siku mbili baadaye taa ikawaka tena. Kosa lilikuwa bomba la mpira lililopasuka, ufa wenyewe hauzidi urefu wa ukucha.

Sensa inayozungumziwa hukaa kati ya sanduku la kichujio cha hewa na injini. Ndani yake mna uzi mwembamba sana unaopashwa moto kwa umeme. Hewa inapopita huupoza uzi huo, na kompyuta ya gari hupima umeme unaohitajika ili joto lake lisishuke. Kutokana na kipimo hicho, kompyuta hujua uzito wa hewa iliyoingia na huamua kiasi cha petroli cha kunyunyiza.

Uzi ukifunikwa na vumbi au mafuta, haupozwi inavyostahili. Kompyuta hudanganyika kwamba hewa ni chache, nayo hutoa petroli chache. Hapo ndipo gari hupoteza nguvu.

Vumbi halikosekani katika eneo hili. Barabara kuu kutoka Nairobi hadi Thika ni ya lami safi tangu ilipozinduliwa upya mwaka wa 2012, lakini ukiiacha na kuingia mitaa ya ndani ya Ruiru, au njia zinazotumiwa na malori ya mawe kutoka machimbo ya Ndarugo, udongo mwekundu hukufuata hadi mlangoni. Kichujio kilichopulizwa kwa pampu ya upepo mara kadhaa ili kuokoa senti hutoboka, na udongo huo hupenya hadi kwenye sensa.

Hatua ya kwanza ni kuusoma msimbo mwenyewe. Siku hizi kuna vifaa vidogo vinavyochomekwa chini ya usukani, kwenye kiunganishi chenye nafasi 16, na kuwasiliana na simu ya mkononi. Marekani ililazimisha kiunganishi hicho kwa magari yote madogo kuanzia modeli za mwaka wa 1996. Hata hivyo, magari mengi yaliyoko nchini yaliundwa kwa soko la Japani, na baadhi ya yale makuukuu hayaelewani na vifaa vya bei rahisi. Jaribu kabla ya kulipa.

Misimbo ya sensa hii huanzia P0100 hadi P0104. P0102 humaanisha mawimbi ya umeme yako chini mno na P0103 yako juu mno. Yote miwili hukuelekeza kwanza kwenye nyaya na plagi. P0101 husema tu kwamba kipimo hakiafikiani na hali ya injini, na hapo washukiwa ni uchafu au hewa inayovuja. P0171, unaosema kwamba petroli ni chache ikilinganishwa na hewa, mara nyingi huandamana nao. Hakuna hata mmoja kati ya misimbo hii unaosema "nunua sensa".

Uandike msimbo mahali kabla ya kuufuta. Kung'oa waya wa betri huizima taa, lakini hakuponyi chochote. Ni mbinu inayopendwa na wauzaji wa magari wasio waaminifu.

Kisha zima injini, iache ipoe, na ufungue boneti. Tazama kichujio na uhakikishe kimekaa sawasawa katika sanduku lake. Baadaye fuata bomba la mpira kutoka kwenye sensa hadi kwenye injini, ukilikunja kwa vidole ili mikunjo yake ifunguke. Nyufa hupenda kujificha humo. Hewa inayoingilia hapo haikupimwa na sensa, kwa hivyo kompyuta haina habari nayo.

Kifaa chako kikionyesha marekebisho ya petroli, kitakusaidia kutofautisha magonjwa haya mawili. Nyongeza ya petroli ikiwa kubwa, tuseme zaidi ya asilimia 10, gari likinguruma bila kwenda, halafu ipungue ukiongeza mwendo wa injini, shuku hewa inayovuja. Ikiongezeka kadiri injini inavyofanya kazi nzito, shuku sensa chafu.

Injini ya lita 1.5 iliyopata joto, ikinguruma bila mzigo, kwa kawaida huvuta gramu 2 hadi 3 hivi za hewa kwa sekunde. Thika na Ruiru ziko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kiasi cha asilimia 15. Usishtuke basi ukikanyaga mafuta yote na kipimo kikawa chini ya kile anachopata ndugu yako wa Pwani. Hiyo si hitilafu.

Ikiwa mabomba ni mazima, chomoa plagi ya sensa huku swichi ya gari ikiwa imezimwa. Angalia kama vyuma vyake vina kutu au waya umelegea. Fungua skrubu zinazoishikilia, mara nyingi mbili, na uichomoe polepole.

Hapa ndipo wengi huharibu. Usiuguse uzi kwa kidole, kitambaa wala mswaki. Usitumie petroli wala dawa ya kusafishia kabureta, kwani huweza kudhuru plastiki na kuacha utando. Tumia dawa ya kupuliza iliyotengenezewa sensa hizi, au ile ya vifaa vya umeme isiyoacha masalio. Puliza mara 10 hadi 15, kisha uiache ikauke saa nzima. Dawa hiyo hushika moto haraka; usiwe karibu na jiko la makaa.

Irudishe ikielekea upande uleule, futa msimbo, na uendeshe gari kwa siku kadhaa.

Taa ikirejea na nyaya zimepimwa, basi sensa huenda imekufa kweli. Linganisha nambari iliyochapishwa kwenye ile kuukuu na ile ya mpya, tarakimu kwa tarakimu, kwani sensa mbili zinaweza kufanana kwa sura na kutofautiana kwa vipimo. Iliyotumika lakini halisi aghalabu ni afadhali kuliko mpya ya kuigiza.

Kuna magari yasiyo na sensa hii kabisa. Hayo hukadiria hewa kwa kupima mgandamizo wake. Na ikiwa taa ya injini inamweka badala ya kuwaka tu, hilo ni jambo jingine: petroli haichomeki vyema na inaweza kuunguza kifaa cha kusafishia moshi, ambacho ni ghali kuliko sensa. Punguza mwendo, tafuta mahali salama na usimamishe gari.