Baraka: Katika mchezo wa poka, kiti unachokalia kina hesabu yake

Mvuvi wa ndagala huko Baraka hachanganyi usiku wa giza na usiku wa mbalamwezi katika hesabu moja. Mwezi ukijaa, taa ya mtumbwi haivuti samaki kama kawaida. Wachezaji hodari wa poka nao wanahesabu hivyo, ila wao wanatenganisha viti.

Katika poka ya Texas Hold'em, kila mtu anapewa karata mbili za siri. Kisha watu wanaamua kwa zamu: kutupa karata, kufuata dau ao kuongeza. Anayetangulia anaamua bila kujua wengine watafanya nini. Karata za mezani zikiisha kufunuliwa, mwenye kiti cha mgawaji anaamua wa mwisho, akiwa ameona kila kitu. Kiti hicho kinahama kila mgao, kwa hiyo kila mtu anapitia nafasi zote.

Wastani unaficha mambo

Tuseme wachezaji wawili wote wanaingia mchezoni mara 25 kwa 100. Ukitazama wastani tu, utasema wanafanana. Lakini tenganisha viti: mmoja anaingia mara 15 kwa 100 akiwa wa kwanza, na mara 40 akiwa kwenye kiti cha mgawaji. Mwingine anaingia mara 25 popote anapokaa. Wa kwanza akiongeza dau mapema, ana karata nzuri, mwogope. Wa pili hajali kiti, na mara nyingi anaongeza akiwa na karata dhaifu.

Mara chache zinadanganya

Hapo ndipo wengi wanapopotea. Ukimwona mtu mara 20 tu kwenye kiti kimoja, naye ameingia mara 5, unapata 25 kwa 100. Lakini tabia yake ya kweli inaweza kuwa 10 ao hata 45. Ukimwona mara 400, sasa uko karibu: kati ya 21 na 29. Kwa meza ya watu sita, mara 400 kwa kila kiti ni migao 2.400. Kwa migao 30 kwa saa, hiyo ni saa 80 za kucheza.

Mwenye meza anakula polepole

Kuna hesabu nyingine ambayo vijana wanaisahau. Watu sita wakileta franka 10.000 kila mmoja, mezani kuna 60.000. Kama mwenye meza anakata 5 kwa 100 ya kila fungu, na fungu ni franka 3.000, anachukua 150. Baada ya migao 100, yaani saa tatu na kidogo, amechukua 15.000. Robo ya feza yote imetoka, hata kama wachezaji wote wana akili sawa.

Mwaka 2003, Mmarekani Chris Moneymaker aliingia kwa dola 86 kwenye intaneti, akashinda dola milioni 2,5 kati ya wachezaji 839. Habari yake ilienea duniani kote. Mwaka 2019, programu ya kompyuta iitwayo Pluribus iliwashinda mabingwa kwenye meza ya watu sita. Anayecheza kwenye simu hajui kila mara nani amekaa upande wa pili.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika tabia za wengine, kijana wa Fizi aandike yake: ameingia na ngapi, ametoka na ngapi, kila siku, mwezi mzima. Daftari hilo halihitaji migao 2.400. Kama minervali ya watoto ao feza ya nyavu imo katika hesabu hiyo, ataiona mapema.