Kusahihisha Orodha ya Mahekalu ya Kishinto Yanayohifadhiwa Kisheria

Orodha ya marejeo ya mahekalu ya Kishinto yanayohifadhiwa kwa mujibu wa sheria ya Japani ya mwaka 1950 haikamiliki bila maoni ya watumiaji wake. Hata hivyo, si kila sahihisho lafaa kupokelewa. Msomaji aonyeshaye kuwa Izumo Taisha na Izumo Ōyashiro ni hekalu moja, maandishi yale yale yakisomwa kwa namna mbili, huondoa kidahizo kilichorudiwa. Huduma hiyo si ndogo. Lakini adaiye kwamba Ise imesahauliwa amekosea, ingawa dai lake laeleweka: majengo yake makuu hujengwa upya kila baada ya miaka 20, mara ya mwisho mwaka 2013, nayo hayamo miongoni mwa Hazina za Taifa. Jibu hilo liandikwe ndani ya orodha yenyewe. La sivyo, dai litaletwa tena na msomaji mwingine.