Meno ya Mtoto Asiyesema "Naumwa"

Mtoto mwenye usonji anaanza ghafla kujipiga makofi shavuni. Ugali aliokuwa akiupenda anausukumia pembeni, usiku halali, na shuleni mwalimu analalamika kwamba siku hizi amekuwa mkorofi. Nyumbani wanasema hali yake imezidi. Huyu anashauri dawa ya kumtuliza, yule anashauri maombi. Ni wachache watakaomfunua mdomo na kumulika kwa tochi ya simu, waone gego la chini limetoboka hadi ndani.

Hata wataalamu huteleza hapo. Jambo lolote jipya analofanya mtoto mwenye ulemavu husingiziwa ulemavu wake, na uchunguzi unaishia hapohapo. Asiyeweza kusema hulia jino kwa njia anazozimudu: kujing'ata mkono, kusaga meno, kukataa chakula cha moto au baridi, kutafunia upande mmoja. Tabia ikibadilika bila sababu inayojulikana, kinywa kichunguzwe mapema.

Kwa kawaida ulemavu wenyewe hautoboi jino. Kinachotoboa ni asidi. Bakteria wanaoishi kwenye ukoga, hasa wale waitwao Streptococcus mutans, hula sukari na kutoa asidi, na pH ya kinywa ikishuka chini ya 5.5 hivi, madini ya enameli huanza kuyeyuka. Mate ndiyo yanayoizimua asidi na kurudisha madini, ilimradi yapewe nafasi kati ya mlo na mlo.

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo haipati nafasi hiyo. Ulimi na mashavu yake hayana nguvu ya kufagia mabaki, hivyo uji mzito au ndizi hukaa kati ya shavu na fizi muda mrefu baada ya kula. Wengine hucheua mara kwa mara, na asidi ya tumboni ikawapandia mdomoni. Juu ya hayo kuna dawa za maji. Nyingi hutiwa sukari ili zinyweke, na dozi ya mwisho hutolewa mtoto akiwa tayari kitandani, saa ambazo mate hupungua sana. Mama anayemnywesha mwanawe dawa ya kifafa kila usiku bila kukosa anafanya wajibu wake kikamilifu, huku sukari ile ikikesha kwenye magego hadi asubuhi.

Phenytoin, dawa ya kifafa ya miaka mingi, ina lake: kwa karibu nusu ya wanaoitumia, fizi hukua na kuvimba, pengine hadi kufunika sehemu ya meno. Isiachwe kwa sababu hiyo, maana degedege la ghafla ni hatari kuliko fizi. Kusugua meno vizuri hupunguza uvimbe, na daktari anaweza kufikiria dawa nyingine.

Kwa mwenye sindromu ya Down, fizi huugua mapema na kwa ukali kwa sababu kinga yake ya mwili hufanya kazi tofauti. Meno yake huchelewa kuota, na mengine hayaoti kabisa. Wengi wao, karibu nusu, huzaliwa na kasoro ya moyo, na baadhi ya kasoro hizo hudai antibiotiki kabla ya kung'oa jino ili bakteria wasiufikie moyo kupitia damu. Kwa hiyo karatasi za kliniki ya moyo ziende pia kwa daktari wa meno.

Mswaki ndio kazi kubwa, na mikao husaidia kuliko nguvu. Mlezi akae nyuma ya mtoto, kichwa kimwegemee kifuani, mkono mmoja ushike kidevu na mwingine usugue. Mtoto mdogo alazwe juu ya mapaja ya watu wazima wawili waliokaa wakitazamana, magoti yakigusana. Mwenye kuuma bila kukusudia awekewe kitambaa safi kilichokunjwa kikabana au mpini wa mswaki mwingine katikati ya magego ya upande mmoja, upande wa pili usuguliwe. Kidole kisiingie hapo kamwe. Dawa ya meno iwe na floridi: kiasi cha punje ya mchele kwa aliye chini ya miaka 3 au asiyeweza kutema, kisha kiasi cha njegere. (Wazazi wa Arusha na Kilimanjaro, ambako maji ya baadhi ya visima yameacha meno ya kahawia, huiogopa floridi, na si bure. Lakini kiasi hicho kidogo hakilingani na kunywa maji hayo kutwa.) Mwenye usonji akitapishwa na ladha ya mnanaa, atafutiwe dawa isiyo na ladha kali.

Jino likishatoboka, Tanzania ina mchango ambao haijausifia vya kutosha. Katikati ya miaka ya 1980, Jo Frencken, daktari wa meno Mholanzi aliyekuwa akifanya kazi Dar es Salaam, alijaribu na wenzake kutibu meno vijijini bila umeme. Walikwangua sehemu iliyooza kwa vifaa vya mkono na kuziba kwa saruji ya meno. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hiyo kwa ulimwengu. Siku hizi hutumika saruji ya glasi-ayonoma, inayoshikamana na jino na kuachia floridi kidogo kidogo. Hakuna mlio wa mashine, na mara nyingi hakuna sindano ya ganzi. Kilichobuniwa kwa kukosa umeme kikawafaa watoto wasiostahimili kelele. Ila tundu lililoenea pande mbili za jino huacha saruji idondoke mapema zaidi.

Ipo pia dawa ya maji yenye madini ya fedha na floridi, iliyoidhinishwa Japani tangu 1970 na kuingizwa mwaka 2021 katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Jino hukaushwa, tone hupakwa dakika moja hivi, basi. Fedha huua bakteria, floridi hukaza jino. Sehemu iliyooza hubaki nyeusi moja kwa moja. Kwa gego sioni sababu ya kusita. Kwa meno ya mbele mzazi aonyeshwe picha kwanza. Jino ambalo tayari lina usaha haliponi kwa dawa hii.

Nusu kaputi ibaki kwa walioshindikana: meno yote hutibiwa siku moja, lakini usingizi huo una hatari zake, hasa kwa mtoto mwenye shida ya kupumua au kumeza. Tena hauigusi ile chupa ya dawa ya usiku. Kabla ya kuondoka hospitali, mzazi amuulize mfamasia kama ipo isiyo na sukari, au kama dozi inaweza kusogezwa ili mswaki uje baada yake.