Sala ya Chakula Katika Mji wa Njaa

Kumshukuru Mungu ghala ikiwa imejaa si kazi kubwa. Mkulima aliyevuna magunia kumi mahali alipotazamia sita hahitaji kufundishwa sala, humtoka yenyewe. Kazi huanza mwaka ule mvua zikatazapo, karo ya mtoto ikidaiwa, na mwenye duka hataki kukopesha tena. Wako Wakristo ambao mwaka kama huo huiona shukrani kuwa uongo mtupu, na si haki kuwalaumu upesi. Lakini ni vema wamtazame mtu mmoja aliyeijua taabu kuliko watu wengi.

Mtu huyo ni Martin Rinkart, aliyezaliwa mwaka 1586 katika mji wa Eilenburg, huko Ujerumani. Baba yake alikuwa fundi wa mapipa. Alisoma Leipzig, na mwaka 1617 akarudi kwao kuwa mchungaji. Mwaka uliofuata vikaanza Vita vya Miaka Thelathini, wafalme wakigombania dini na enzi. Wapiganapo tembo ziumiazo ni nyasi, na Eilenburg ulikuwa katika nyasi hizo.

Kwa kuwa mji ulikuwa na ukuta, wakimbizi wa mashamba ya jirani walimiminika ndani, wakasongamana. Mwaka 1637 ikaingia tauni. Mchungaji mmoja aliuhama mji. Wawili wakafa, na Rinkart ndiye aliyewazika. Akabaki peke yake. Siku nyingine alizika watu arobaini au hamsini, na jumla yao yakadiriwa kuwa 4,480. Mke wake naye alikufa mwaka huo. Baada ya tauni ikaja njaa, hata watu thelathini au arobaini wakaonekana njiani wakigombania paka aliyekufa. Rinkart aligawa alichokuwa nacho mpaka akaweka rehani mapato yake ya miaka ya mbele ili watoto wake wale na kuvaa. Karani ambaye mshahara wake umekwisha kuliwa kabla ya kulipwa ataelewa neno hili bila kuelezwa.

Sasa, huyu ndiye aliyetunga wimbo wa shukrani ujulikanao sana katika makanisa ya Kiprotestanti. Wengi husimulia kwamba aliutunga tauni ilipokuwa kali. Masimulizi hayo ni matamu, lakini yaelekea si kweli. Hudhaniwa kwamba wimbo ulichapwa mwaka 1636, kabla ya tauni, nao ulikuwa sala fupi ya mezani, yenye msingi katika kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 50. Pengine ukweli huu una uzito zaidi kuliko masimulizi. Maana sala iliyotungwa kwa ajili ya mkate ulio mezani ilimkuta mwenyewe mwaka mmoja baadaye akiwa na meza tupu, naye mjane.

Wala shukrani yake haikuwa upofu. Majeshi ya Waswidi yalipoudai mji thaler 30,000, Rinkart hakuwaambia watu wake wafurahie dhuluma. Alikwenda mwenyewe kwa jemadari kumweleza kwamba mji hauna kitu. Jemadari akakataa. Rinkart akarudi, akawakusanya watu, wakapiga magoti wakamlilia Mungu, kwa kuwa wanadamu hawakutaka kuwasikia. Yasemekana jemadari alipopata habari hiyo alilainika, hata mwishowe akakubali florini 2,000. Macho yaliyouona wema wa Mungu ndiyo yaliyoiona na njaa ya jirani. Hayakuwa macho mengine.

Amani ilifanywa mwaka 1648. Rinkart alikufa Desemba 1649, akiwa amechoka sana, baada ya kuionja amani kwa mwaka mmoja na kitu. Wimbo wake ulikuwa umekwisha kutiwa sauti na Johann Crüger, na mwaka 1858 Bibi Catherine Winkworth akautafsiri kwa Kiingereza. Mara nyingi huimbwa siku ya mavuno, vikapu vya mahindi na viazi vikiwa vimepangwa mbele ya kanisa.