Kitenzi "estudiar" na mzigo wa neno letu "kusoma"



Kihispania ni lugha ya Mtakatifu Teresa wa Avila na Mtakatifu Yohane wa Msalaba. Papa Fransisko alikua nayo Argentina, na Papa Leo XIV aliitumia miaka mingi katika utume wake nchini Peru. Hata barani kwetu ni lugha rasmi ya Guinea ya Ikweta. Mseminari anayeanza kujifunza lugha hii hukutana mapema na kitenzi estudiar. Akifungua kamusi anapewa neno moja: kusoma. Hapo ndipo anapoanza kupotea, kwa sababu "kusoma" kwetu kumebeba mzigo mkubwa kuliko estudiar.

Chukua mfano wa Nyamisati, bandari ndogo ya wilaya ya Kibiti ambako wasafiri hupanda boti kwenda Mafia. Pale utasikia: kijana anasoma Kibiti, mtoto anasoma Kurani chuoni, mzee anasoma gazeti, maulidi yanasomwa, padre atasoma Misa. Kitenzi ni kimoja, kazi ni tano. Mhispania hatumii neno moja kwa zote.

1. Estudiar si leer

Estudiar ni kufuata masomo, au kukaa na jambo ili ulielewe. Kupitisha macho kwenye maandishi, au kuyatamka kwa sauti, ni leer. Kwa hiyo "ndugu yangu anasoma Kibiti" ni mi hermano estudia en Kibiti. Ukisema lee en Kibiti, msikilizaji ataelewa kwamba ameketi Kibiti na kitabu mkononi. Mzee wa gazeti, yeye lee. Msomaji wa somo la kwanza kanisani pia lee. Na padre anayesoma Misa hatumiwi hata kimoja kati ya vitenzi hivyo: husemwa celebra la misa.

Kumbuka pia kwamba "mimi nasoma" kwa leer ni leo, linalotamkwa sawasawa na leo yetu. Hoy leo maana yake ni "leo nasoma".

2. Estudiar si aprender

Estudiar ni juhudi. Aprender ni matunda yake, yaani kujifunza hadi jambo likakaa. Mwanafunzi anaweza kusema: Estudié mucho, pero aprendí poco, yaani "nilisoma sana, lakini nilijifunza kidogo".

3. Mkazo wa sauti

Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, nasi hubeba mazoea hayo kila tuendako. Kwa estudiar mazoea hayo yanaharibu maana. Estudio, mkazo ukiwa kwenye tu, ni "nasoma". Estudió, mkazo ukiwa mwishoni, ni "alisoma". Ukikosea mkazo umebadili mtu na wakati. Wakati uliopo ni huu: estudio, estudias, estudia, estudiamos, estudiáis, estudian.

4. Kusomea na kusomesha

Sisi huongeza kiambishi tu: kusoma, kusomea, kusomesha. Mhispania huongeza maneno. "Anasomea upadre" ni estudia para sacerdote. Ile para inafanya kazi ya -ea. "Kusomesha" hakuna umbo lake ndani ya estudiar. Mvuvi wa kamba katika delta ya Rufiji anayemlipia binti yake shule, kwa Kihispania le paga los estudios, anamlipia masomo. Ni vema tutambue utajiri huo wa lugha yetu: kwetu, jasho la mzazi limo ndani ya kitenzi chenyewe.

5. Mzizi wa neno

Estudiar limetoka katika Kilatini studium, neno ambalo kwanza lilimaanisha bidii na shauku, kabla halijamaanisha masomo. Aliyesoma, kwa maana hiyo ya asili, ni aliyeweka moyo wake mahali fulani.

Afrika Mashariki tunao mfano wa maana hiyo. Wamisionari wa Afrika walipofika Buganda mwaka 1879, waliojiunga na mafundisho ya dini waliitwa abasomi, yaani wasomaji. Kujifunza kusoma na kujifunza imani vilikwenda pamoja, hata kuitwa msomaji kukawa ni kuitwa Mkristo. Kati ya mwaka 1885 na 1887 wengi wao waliuawa kwa ajili ya imani hiyo. Karoli Lwanga alichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886, na Papa Paulo VI alimtangaza mtakatifu pamoja na wenzake 21 tarehe 18 Oktoba 1964. Kwao kusoma hakukuwa kupitisha macho kwenye karatasi.

Kwa hiyo, ndugu mseminari, kabla ya kutafsiri "nasoma", jiulize: ninatamka maandishi, ninafuata masomo, au nimekwisha kujifunza? Kihispania kitakudai jibu kila mara. Nawe mzazi unayesomesha, jioni mtoto akikuambia "nimesoma", unaweza kumuuliza swali hilo hilo kwa Kiswahili.