Ubao wa Mawimbi, Sehemu ya Pili: Fundi, Povu na Kivuli

Juma lililopita tuliwaacha mafundi wa Hawaii wakichonga mbao za mawimbi kwa matezo ya mawe, katika miti ya wiliwili, koa na ulu. Huo wa mwisho ndio mshelisheli wetu wa Unguja. Tulizitaja pia mbao za chifu Paki zilizohifadhiwa katika Makumbusho ya Bishop, Honolulu: kila mmoja una urefu unaozidi mita 4 na uzito unaozidi kilo 60. Leo tunavuka maji hadi California. Maana ufundi unaosifiwa siku hizi kuwa ni "wa mkono" haukushuka moja kwa moja kutoka kwenye tezo lile. Kiwanda ndicho kilichoupa nafasi.

Najua dai hilo halitawafurahisha wapenzi wa mambo ya asili. Lakini hebu tuutazame mti. Mti una vifundo, una nyuzi zinazokwenda upande zinakotaka zenyewe, na ukikauka vibaya hupasuka au hupinda. Balsa ya Ecuador, iliyotamba miaka ya 1950, ilipunguza uzito sana, ila hakukuwa na vipande viwili vyenye tabia moja. Mwaka 1958 Hobie Alter na Gordon Clark walifaulu kumimina povu la poliuretani ndani ya kalibu na kupata ubao ghafi: mweupe, mwepesi, usio na kifundo hata kimoja. Ubao huo hupasuliwa katikati kwa urefu, hubandikwa utepe mwembamba wa mti ulio uti wa mgongo wake, ndipo unapopelekwa kwa fundi. Clark akafungua kiwanda chake mwenyewe mwaka 1961, na kuanzia hapo fundi hakugombana tena na mti. Aliweza kujaribu umbo leo, akalikosoa kesho, akaanza jingine keshokutwa.

Kazi yenyewe ni ya kuondoa tu, hakuna kuongeza. Kwanza fundi huweka kigezo cha plaiwudi upande mmoja wa uti, akakifuata kwa penseli, akakigeuza upande wa pili, kisha akakata kwa msumeno. Hilo ndilo jepesi. Ngumu ni kupata unene na mpindo. Hushika randa ya umeme akaitembeza kutoka tezi hadi omo (naazima maneno ya mabaharia wetu, kwani ubao nao una mbele na nyuma yake), huku akibadilisha kina cha makali randa ikiwa inakwenda. Wakongwe huapia randa moja ya Kimarekani, Skil 100, kwa sababu kina chake hubadilishwa bila kusimama. Siku hizi haitengenezwi tena, na mwenye nayo haiazimishi.

Hapa pana mtego. Povu linapoumuka ndani ya kalibu, ngozi yake ya nje huwa ngumu kuliko moyo. Fundi anayechimba sana hulifikia povu dhaifu, na ubao wake hubonyea upesi chini ya visigino vya mpandaji. Ndiyo maana mjuzi huchagua ubao ghafi unaokaribia umbo analolitaka, asiwe na mengi ya kuondoa. Ukimwona fundi amezama hadi magoti katika vumbi jeupe, usidhani amefanya kazi kubwa. Huenda alichagua vibaya tangu mwanzo.

Kasoro ndogo juu ya kitu cheupe kitupu haionekani kwa macho ya kawaida. Kwa hiyo chumba chenyewe kimefanywa kuwa chombo cha kupimia. Kuta hupakwa rangi nzito, mara nyingi buluu. Taa za dari huzimwa, na tyubulaiti ndefu huwekwa kwenye kuta mbili za ubavuni, takriban usawa wa ubao uliolazwa juu ya stendi. Mwanga ukija kwa ubavu namna hiyo hulala juu ya povu, na kila bonde hutoa kivuli. Fundi huinama nyuma ya tezi, akafumba jicho moja, akaufuata mstari wa kivuli mpaka omo. Pale unapocheza, pana nundu. Huipapasa kwa kiganja, akapitisha msasa mara moja, akainama tena.

Kingo nazo hazizungushwi kwa kubahatisha. Fundi hukata pembe kwa mshazari apate uso bapa mmoja; kisha hukata pembe mbili zilizozaliwa hapo, na nyingine tena, hadi nyuso zinakuwa nyembamba kiasi kwamba msasa wa wavu, ukivutwa kwa mikono miwili kuzunguka ukingo, huziunganisha. Kushoto na kulia lazima vilingane, kwa kuwa ukingo ndio unaozungumza na maji. Ukiwa wa mviringo, maji huukumbatia na ubao hutulia. Ukiwa na pembe kali karibu na tezi, maji hukatika na kuachia, ubao ukapata kasi. Fundi akimaliza huandika kwa penseli kwenye uti, au kando yake, urefu, upana na unene kwa futi na inchi, pamoja na jina lake.

Jinsi mikono hii ilivyokitegemea kiwanda ilidhihirika Jumatatu, 5 Desemba 2005. Siku hiyo Clark aliwatumia wateja wake barua kwa faksi kuwaarifu kwamba amefunga, mara moja, na hakuna povu litakalotoka tena. Alitaja shinikizo la mamlaka kuhusu kemikali alizotumia na hofu ya kesi za wafanyakazi. Kalibu zikavunjwa. Kwa kuwa aliwauzia mafundi wengi mno wa Marekani, bei zilipanda na watu wakaanza kukimbizana na akiba iliyobaki. Baadaye viwanda vingine vilijaza pengo, vikaja na povu la aina nyingine, na mashine zinazochonga kwa kufuata kompyuta zikazidi kuenea.

Mimi siichukii mashine. Inarudia umbo lile lile mara mia bila kuchoka, jambo ambalo mkono hauwezi. Lakini huacha mistari midogo juu ya povu inayopaswa kuondolewa na mtu chini ya tyubulaiti zile zile, na umbo inalolirudia mara nyingi lilitokana na ubao ambao fundi aliuchonga kwanza, ukapelekwa majini, ukarudi na malalamiko ya mpandaji.

Juma lijalo tutaingia chumba cha pili, chenye harufu kali zaidi: kule ubao unakovikwa faiba na rezini na kutiwa mapezi.