Ukame Kibondo na Kasulu: kwa nini lori la chakula hupita kijijini bila kusimama

Mvua zinapokatika katika nyanda za juu za Kigoma, kuna jambo linalowaumiza wakulima kuliko jua lenyewe. Ghala la nyumbani limebaki tupu, na barabarani yanapita malori yaliyosheheni unga, yakielekea kambi za wakimbizi kama Nyarugusu wilayani Kasulu. Swali linaloulizwa vijiweni na kwenye mikutano ya kijiji ni moja: kwa nini wao, na si sisi?

Makala haya yanaeleza chakula hicho ni cha nani, msaada wa mkulima wa Kitanzania hupitia njia gani, na familia iliyopoteza mazao ianzie wapi.

Ukame wa huku ukoje?

Kigoma si mkoa mkavu. Nyanda za juu za Kibondo na Kasulu hupata takribani milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, kuanzia Oktoba au Novemba hadi Aprili au Mei. Ndiyo maana mtu wa Dodoma akisikia kuna ukame Kasulu hushangaa.

Lakini mahindi hayahesabu mvua za mwaka mzima. Yanahitaji maji zaidi yanapotoa mbelewele na kuanza kubeba. Mvua ikikatika kwa wiki tatu wakati huo, shamba linaweza kubaki la kijani na gunzi likawa halina punje. Maharage nayo hukaa shambani kama miezi mitatu tu, hivyo hayana muda wa kusubiri mvua irudi. Muhogo ndio mvumilivu, ila miaka ya karibuni umeandamwa na magonjwa ya batobato na michirizi ya kahawia. Familia iliyotegemea muhogo kuwa akiba ya mwisho inaweza kuchimba na kukuta mizizi imeoza.

Ukame wa namna hii haupigi wilaya nzima kwa pamoja. Kata moja huvuna na ya jirani hukosa. Hapo ndipo ugumu wa msaada unapoanza, kwa sababu wastani wa wilaya unaweza kuonekana mzuri wakati vijiji vitatu vina njaa.

Malori ya kambini ni ya nani?

Chakula kinachokwenda kambini huletwa na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, kwa fedha ambazo wafadhili wamezitoa kwa ajili ya wakimbizi peke yao. Nyarugusu ilianzishwa mwaka 1996 kupokea Wakongo, na baada ya machafuko ya Burundi ya 2015 maelfu ya Warundi walihifadhiwa humo, Nduta na Mtendeli. Chini ya Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998, mkimbizi huishi eneo alilopangiwa na hutoka kwa kibali. Hana shamba la kutegemea wala uhuru wa kutafuta kibarua mbali na kambi, kwa hiyo mgawo ndio riziki yake.

Na mgawo wenyewe haujawa wa kushiba. Kipimo cha kawaida ni kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku, lakini Agosti 2017 ulishushwa hadi asilimia 62 ya kipimo hicho, na mwaka 2023 ukafika nusu kwa sababu wafadhili walipunguza fedha. Mgawo ukipungua, wanakijiji nao huguswa: watu wengi zaidi hutafuta vibarua na chakula katika eneo lile lile.

Hivyo kusimamisha lori hilo kijijini hakuwezekani, hata kama dereva angependa. Mkulima ana mlango wake mwingine.

Mlango wa mkulima

Mlango huo ni Serikali. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia kijiji, kata, wilaya na mkoa hadi taifa, chini ya uratibu wa Ofisi ya Waziri Mkuu. Taarifa ya mazao kukauka inapaswa kupanda ngazi hizo, ikisindikizwa na makadirio ya afisa ugani.

Juu yake upo Mfumo wa Uchambuzi wa Uhakika wa Chakula na Lishe, unaojulikana kama MUCHALI. Kwanza Wizara ya Kilimo hutabiri mavuno. Wilaya zinazoonyesha upungufu hutembelewa na timu zinazouliza kaya zimevuna nini, zimebakiza nini na sokoni bei ikoje. Ripoti yao ndiyo inayotaja idadi ya watu wanaohitaji chakula.

Ikithibitika, mahindi hutolewa na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA. Kwa kawaida wasio na uwezo kabisa hupewa bure, na wengine huuziwa kwa bei nafuu ili kupoza soko. Maghala makubwa ya karibu yako kanda za Shinyanga na Sumbawanga, hivyo hata baada ya kibali kutoka, mzigo una safari ndefu.

Njia ya pili ni TASAF. Kaya maskini zilizoandikishwa hulipwa ruzuku, na wenye nguvu hupata ajira za muda kama kuchimba malambo na kutengeneza barabara za kijiji. Udhaifu wake ni kwamba orodha huandaliwa kabla. Mkulima aliyekuwa na nafuu mwaka jana na kukauka mwaka huu huenda hayumo.

Wakati ni nusu ya msaada

Kaya yenye njaa haikai kusubiri. Hupunguza mlo, kisha huuza kuku na mbuzi, kisha hula mbegu, na mwisho hukodisha shamba au kwenda kulima la mwingine wakati lake linaota majani. Chakula kikifika baada ya hatua hiyo, kitashibisha mwezi mmoja lakini msimu unaofuata umekwisha kuharibika. Kikifika wakati jirani anavuna, kitaangusha bei ya mazao yake.

Kwa sababu hiyo, mbegu za maharage na vipando safi vya muhogo vinavyofika kabla ya mvua za Oktoba vinaweza kuokoa zaidi ya magunia yanayokuja Machi.

Uanzie wapi?

Usisubiri mavuno yaishe. Toa taarifa kwa mwenyekiti wa kitongoji na afisa ugani mara mazao yanapoanza kukauka, na hakikisha imeandikwa. Ombeni suala hilo liingie kwenye ajenda ya mkutano mkuu wa kijiji, kwa kuwa muhtasari wake ni ushahidi ambao kata na wilaya haziwezi kuupuuza kirahisi. Orodha ya wahitaji isomwe hadharani: wajane, wazee wanaolea wajukuu, wagonjwa na wasio na mtu wa kufanya kazi watangulie, na aliyeachwa apate nafasi ya kusema.

Kijiji kilichonyamaza huhesabiwa kuwa kimevuna.